Sauti ya Chini

"Umeshamtumia?"

"Nimemtumia nani nini?"

"Usinijibu swali kwa swali, mimi si rika lako. Umemtumia dada yangu hicho kitu, au hujamtumia?"

"Nimemtumia. Tangu asubuhi. Kuna ubaya gani? Si sauti yake mwenyewe?"

"Futa."

"Mama, ameshafungua. Naona hapa, ameshasikiliza."

"Nimesema futa!"

"Kwenye simu nitafuta. Kwenye masikio yake nitafutaje? Niende na pamba?"

Mama akaisimamisha pasi, na hapo ndipo Shoti akajua kweli kuna jambo. Mama huyu ugomvi wote wa maisha yake aligombana huku anapiga pasi. Mwenye nyumba akija kubweka mlangoni, anajibiwa na mtu anayenyoosha mkono wa shati. Hata baba yake Shoti, siku aliyofungasha vyake na kuondoka, aliambiwa "njia nyeupe" na mtu ambaye hakuinua macho kwenye kola. Leo pasi imesimama, shati la mteja limelala nusu limenyooka nusu limekunjamana, na Mama ameshika kiuno kwa mikono yote miwili.

Shoti ndiyo lilikuwa jina lake mtaani, na nyumbani pia walishalizoea. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kazi yake, kutengeneza redio na spika za watu, na kwa sababu ya mwili wake, ambao haukujua kutulia. Mguu ukitulia, kidole kinagonga meza. Kidole kikitulia, mdomo unaanza. Shule aliiacha mapema kabla haijamwacha yeye, na hakuijutia, maana kilichomkaa kichwani ni kimoja tu: muziki wa haus, ule wa madijei wenye mdundo usiokatika. Siku nzima anachomelea nyaya kibandani, jioni anarudi kukaa nyuma ya nguo za watu.

Nyuma ya nguo, ndiyo. Chumba cha mbele kilikuwa cha udobi wa Mama: kamba zimetoka ukuta hadi ukuta, mashati, magauni na makoti ya wateja yananing'inia kwenye mifuko yake. Shoti alijipenyeza na kompyuta yake kwenye kona, akazungukwa na makoti. Mwanzo aliona ni shida. Baadaye akagundua makoti yananyonya mwangwi kuliko ukuta wowote, akawa anamlilia Mama asiyarudishe mapema.

Na wimbo uliozua balaa ulikuwa wimbo wa Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa, dada yake Mama wa tumbo moja, mtaa mzima ulimwita Madoido. Miaka ya themanini aliimba wimbo mmoja. Mmoja tu, lakini ulitosha. Mabega ya gauni lake yalikuwa mapana kama kabati, nywele zimesimama, wanja mpaka karibu na sikio, na ule mstari wake: "Taa sijazima, njoo." Redio ziliupiga mpaka betri zikaisha. Hata sasa, mtu akipita nje ya saluni yake atamwimbia "taa sijazima", naye atajibu kwa kuinua mkono wenye kitana kama malkia anayepungia jeshi. Bendi ilikufa, waume wakaja wakaenda, wimbo ukabaki. Ndio uliomlipia saluni, ndio uliomwingiza kwenye harusi za watu wakubwa, ndio uliomfanya aamke asubuhi ajipake rangi ya midomo hata kama hana mteja.

Sasa meneja wa ukumbi wa mjini alikuwa anaufungua upya ukumbi wake. Jumamosi mchana. Alimwambia Shoti, "Vijana wote mnaniletea haus ileile, puu puu puu, kama mtu anapigilia misumari. Niletee kitu chenye nyama."

Shoti akajua nyama iko wapi. Ukiusikiliza ule wimbo wa zamani vizuri, haus yote imo ndani, imelala tu. Mashine ya ngoma inayopiga bila kuchoka. Besi ya kinanda inayozunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Sauti ya mwanamke imemwagiwa mwangwi, inasema maneno matatu na kuyarudia. Watu wa pop wa siku zile walitaka wimbo wa dakika tatu wa redioni, basi. Madijei ndio walioona kwamba dakika tatu hazimtoshi mtu anayecheza, wakaanza kuuvuta, wakairudia ngoma, wakaitoa sauti na kuirudisha, mpaka mtoto akamzidi mama yake kimo. Kazi ya Shoti ilikuwa kuupa miguu tu. Aongeze mwendo kidogo, ajaze mdundo chini, aikate ile "taa" iwe "ta-ta-taa", aiachie.

Meneja akafurahi mpaka akapiga meza. "Na Madoido mwenyewe asimame jukwaani! Watu wazima waje kwa ajili yake, vijana waje kwa ajili ya mdundo. Ukinipa hiyo, kona ya dijei ni yako kila wiki."

Kila wiki! Tangu siku hiyo Shoti hakula chakula akamaliza sahani.

"Sawa," Mama alisema, ameshusha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ulimwambiaje ulipomtumia?"

"Kwani nini..."

"Soma."

Shoti akasoma. "'Mama Mkubwa, sikia ulivyokuwa unaimba wewe! Nimetoa uchafu wote, umebaki wewe peke yako.'"

Mama akaketi juu ya tenga la nguo chafu.

"Uchafu upi?"

"Si ule... Mama, nilitumia programu ya kutenganisha sauti. Unaipa wimbo mzima, inakuchambulia: ngoma huku, kinanda huku, waimbaji huku. Sasa kwenye waimbaji ikatoa sauti mbili. Moja safi, imekaa kwenye mdundo kama imegundishwa. Nyingine iko mbali, dhaifu, inachelewachelewa. Nikajua hiyo ni mwangwi, au kanda imechakaa. Nikaitupa."

"Huyo uliyemtupa," Mama alisema, "ndiye Mama yako Mkubwa."

Shoti alicheka. Kicheko kilitoka peke yake, kikakosa mwenzake, kikafa.

"Na yule safi ni nani?"

Mama akaangalia pasi.

"Mama. Ni nani?"

Shoti akaruka, akachukua vile vya kuvaa masikioni, akavivaa sikio moja, akafungulia ile sauti safi. "Sema 'taa sijazima'."

"Mimi siimbi, niache."

"Sijakuambia uimbe. Sema tu, kama unavyosema leta maji."

"Taa sijazima," Mama alisema, kwa hasira, na ile "sija" akaibana puani kidogo.

Sikio la kulia la Shoti lilisikia mwanamke mwenye miaka hamsini na ushee amekaa kwenye tenga. Sikio la kushoto lilisikia msichana. Wote wawili waliibana "sija" mahali palepale.

"Wewe!" alisema. "Mama! Ni wewe!"

"Punguza sauti."

"Miaka yote hii nalala chumba cha pili na..."

"Punguza sauti, nimesema, majirani wana masikio kama sungura."

Ikabidi aseme. Alisema kwa kifupi, kama mtu anayetoa mwiba. Siku ya kurekodi alikuwa msichana, kaenda kumbebea dada yake begi la gauni. Bendi ndio kwanza imenunua mashine ya ngoma, mpiga ngoma kafukuzwa, na dada hakuweza kwenda nayo. Alizoea mpiga ngoma wa damu na nyama, ambaye akilivuta neno naye anamvutia, akipumua anamngoja. Mashine haikumngoja. Wakaimba asubuhi, wakaimba mchana, sauti ikaanza kukwaruza. Fundi mitambo akamtazama msichana wa begi aliyekuwa anaimba kimoyomoyo pale kwenye kiti, akamwambia, dada yako akienda kula, njoo uimbe hivyohivyo, tumtilie kivuli kidogo chini yake. Akaimba mara moja. Yeye hakuwahi kuimba na mpiga ngoma yeyote, kwa hiyo hakujua kama kuna ngoma inayongoja.

"Fundi akasema ni kivuli tu," Mama alisema. "Wimbo ulipotoka redioni nikasikia. Kivuli kakiweka juu, mtu kamweka chini."

"Na Mama Mkubwa hakusikia?"

"Nani anaijua sauti yake? Sisi ni ndugu, tunafanana hata kwenye kikohozi. Alisikia wimbo wake, watu wanaushangilia. Ulitaka nimwambie nini? Nimvue nguo sokoni?"

Shoti alikuwa ameshaanza kutembea. Hatua kwenda kwenye mlango, hatua kurudi, makoti yanampiga usoni. "Lakini Mama, hii ni kubwa! Ndiyo maana inakaa kwenye haus! Waimbaji wa zamani wengi ukiwawekea mdundo wanateleza, lazima uwakatekate uwapange upya. Wewe sikukugusa. Sikukugusa hata neno! Jumamosi..."

"Jumamosi utapiga wimbo ulivyokuwa. Na huyo wako mfute, umfute kabisa. Dada yangu hana kitu kingine, unanisikia? Hana mtoto, hana mume. Ana huo wimbo."

"Na mimi nina nini? Kibanda cha redio mbovu?"

"Una mdomo."

Alikuwa bado anatafuta jibu wakati makoti yalipofunguka.

Madoido hakupiga hodi. Alikuwa na aproni ya saluni, kibanio kimeng'ata kola, rangi ya midomo iko mahali pake sawasawa. Simu ilikuwa mkononi, ameishika kama mtu aliyeshika kipande cha nyama asichojua kimetoka mnyama gani.

"Shikamoo, Mama Mkubwa," Shoti alisema.

"Nimeacha mtu kwenye kiti, kwa hiyo tusizungushane. Mwanangu, huyu uliyeniletea simtambui. Nimemsikiliza mara nyingi, nimejifungia chooni nikaimba naye. Mimi nafika, yeye ameshapita." Akamtazama mdogo wake kwenye tenga, mdogo wake akatazama sakafu. "Huo uchafu uliotoa, bado unao?"

"Dada, mtoto alikosea, kompyuta zenyewe hizi..."

"Nimemuuliza yeye."

"Ninao," Shoti alisema.

"Uweke."

Akauweka kwenye spika. Ikatoka sauti ndogo, yenye mavumbi, inaburura neno kama mtu anayeburura kiti. Ilikuwa na utamu wake, kusema kweli, utamu wa mtu anayeimba karibu na dirisha akidhani yuko peke yake. Lakini ngoma ilikuwa inagonga mbele, na sauti inaifuata nyuma, mstari baada ya mstari, haiikuti.

Madoido alisikiliza amesimama. Hakuegemea kitu.

"Mbona nachelewa?"

"Unachelewa kila mstari," Shoti alisema.

"We mtoto!" Mama akaruka.

"Mwache. Angalau huyu kanijibu." Akacheka kidogo kwa pua. "Tulikuwa na mpiga ngoma, alikuwa ananiangalia mgongo. Nikiinua bega, anajua navuta pumzi. Wakaniletea sanduku lina taa nyekundu. Nikainua bega, sanduku linaniangalia tu." Akamgeukia mdogo wake. "Ulijua."

"Nilijua."

"Harusi zote zile. Umenishikia pochi, umenishikia viatu. Nikishuka jukwaani nakuuliza, leo nimeimbaje? Unaniambia, kama kwenye kanda."

"Kanda si ilikuwa inapigwa nyuma yako, dada."

"Yaani hukusema uongo."

"Sikusema."

"Mungu wangu, bora ungesema uongo!" Na akacheka kweli sasa, akajipiga paja, na Mama naye kicheko kikamponyoka, akakizuia kwa kiganja. Shoti akawatazama hawa wanawake wawili, roho ikamshuka mahali pake. Akajua yameisha. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, ndivyo walivyosema wahenga, na yeye jembe lake lilikuwa pale mezani linasubiri.

"Tia ngoma," Madoido alisema. "Nisikie hiyo ya Jumamosi."

Akaitia.

Mdundo ukaanza peke yake, mnene, ukipita chini ya meza hadi kwenye miguu ya tenga. Juu yake ikaja besi ileile ya zamani, sasa ina mbavu. Vifungo vya makoti vikaanza kulia kwenye hanga. Halafu "ta. Ta-ta. Ta-ta-taa," inakatwa, inarushwa, inadakwa, na pale mtu alipodhani itaendelea hivyo mpaka kesho, Shoti akakata kila kitu, ngoma, besi, kinanda, na katika kimya kile msichana akasema mstari mzima, peke yake, bila kivuli juu yake wala chini yake. Taa sijazima, njoo. Ndipo mdundo ukaanguka tena.

Madoido alikuwa anacheza. Hakuamua, mabega yaliamua. Aproni inapepea, kidole kiko hewani, miguu inajua inachofanya. Mwili ule ulikuwa haujachelewa popote. Ulikuwa juu ya ngoma kama maji juu ya jani. Shoti alipiga makofi. Akamgeukia Mama wacheke pamoja.

Mama hakuwa anacheza. Alikuwa amesimama, shingo ameiinamisha upande wa spika, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake linaitwa kwenye umati. Machozi hayakuwepo. Alikuwa anasikiliza tu, kwa ukali, na ule mstari uliporudi mara ya pili peke yake, midomo yake ikausema.

Wimbo ukaisha. Madoido akahema, akajifuta paji la uso kwa aproni.

"Nzuri. Kusema kweli ni nzuri, mwanangu, una mkono. Basi sikilizeni, tusifanye jambo dogo likaota mapembe. Jumamosi nasimama. Huyo wako wa ndani mweke hapohapo alipo, mimi maiki yangu uipunguze, iwe ya kuokoteza tu. Nicheze, nitingishe mabega, watu wafurahi. Nani atajua? Kama siku zote."

"Inawezekana," Shoti alisema upesi. "Rahisi hiyo! Maiki naizima kabisa ukitaka."

"Usiizime kabisa, nitakohoa watu wasikie nini?"

"Hapana," Mama alisema.

Wote wawili wakamwangalia.

"Hapana nini?" Madoido aliuliza. "Maiki isizimwe?"

"Chini sirudi."

Shoti alifikiri hakusikia vizuri. Huyu si ndiye aliyekuwa anapiga kelele za futa, futa? Si ndiye aliyesema dada yangu hana kitu kingine?

"Mama, si umesema mwenyewe..."

"Najua nilichosema. Nilikisema kabla sijaisikia." Alikuwa anaongea na dada yake, si na yeye. "Dada, mimi nilijua nimeimba. Kujua na kusikia ni vitu viwili. Siku zote niliisikia iko ndani ya kelele, nikajiambia ni kitu kidogo, kivuli, mtu hagombanii kivuli. Leo nimeisikia mwenyewe. Haikuwa kitu kidogo."

"Kwa hiyo unataka kusimama wewe."

"Kusimama siwezi. Nitazimia mbele za watu."

"Sasa unataka nini? Husimami, na mimi nisisimame?"

"Simama uimbe na sauti yako. Mimi sitakuzuia."

"Sauti yangu." Madoido alitikisa kichwa kuelekea spika. "Ile ya kuburura kiti? Unanipenda sana, mdogo wangu."

"Nakupenda. Lakini usifungue mdomo juu ya mdomo wangu tena."

Chumba kikawa kidogo. Shoti aliona kazi yake inamwagika kama maji kwenye ungo, akashindwa kukaa kimya, maana kukaa kimya hakukuwahi kuwa kipaji chake. "Sikilizeni. Mbona rahisi? Asisimame mtu. Kwenye haus hasimami mtu, inasimama spika. Watu hawaulizi hii sauti ya nani, ina sura gani, imevaa nini. Mambo ya sura yalikuwa ya zamani. Siku hizi tunachukua sauti, mengine yote tunaacha."

Alisema hivyo kwa nia njema. Neno lilipomtoka ndipo alipoliona lina makali pande zote mbili.

"Mengine yote," Madoido alirudia polepole. "Mabega, gauni, nywele. Mimi ndiye hayo mengine yote."

"Sikumaanisha..."

"Ulimaanisha, na ni kweli. Usiharibu."

Simu ya Shoti ikalia. Meneja. Ikalia, ikakata, ikalia tena. Akaipokea kwa sababu mkono wake haukujua kuacha kitu kilie.

"Kijana, naandika tangazo. Madoido anakuja au haji?" Sauti ya meneja ilikuwa kubwa kiasi cha wote kusikia. "Bila Madoido wimbo nauchukua, lakini nataka jibu sasa hivi."

Wimbo anauchukua. Bila mtu. Shoti akahisi moyo unamruka kwa furaha, na papo hapo akaionea aibu furaha yake. Akaifunika simu kwa kiganja, akamtazama Mama Mkubwa.

Yeye hakuwa anamtazama Shoti wala simu. Alikuwa anamtazama mdogo wake.

"Sema neno moja tu," alimwambia, na hapakuwa na madoido yoyote kwenye sauti hiyo. "Jumamosi moja nisimame na sauti yako. Halafu sitauimba tena mpaka nife. Neno moja, mdogo wangu."

Mama alifungua mdomo. Shoti aliliona neno limemfika kwenye meno, akaliona linamjaza mashavu. Mkono wake ukanyanyuka nusu, kama unataka kumshika dada yake kiwiko. Kisha midomo ikajifunga, mkono ukashuka.

"Halo?" meneja alisema ndani ya kiganja. "Halo, kijana?"

Madoido alingoja kidogo zaidi kuliko heshima yake ilivyomruhusu. Akalivuta gauni likae vizuri mabegani, akageuka, akayatenga makoti kwa mikono miwili na kutoka. Nje mtu alimwona, akamwimbia ule mstari kwa kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuinua mkono. Aliendelea kutembea, katikati ya watu, na mgongo wake haukugeuka.